Kefa Hajafika Chini

Wafanyakazi walikuwa wameshakunywa chai na kusimama duara mbele ya stoo, wakisubiri kikao cha usalama. Naima, mratibu wa usalama ambaye wote walimwita Sefti, alikuwa na sauti ndogo, kwa hiyo Mudrick, fundi wa nondo, alisimama kando yake na kurudia kila alichosema.

"Sefti anasema tusitupe matofali kutoka juu," alisema Mudrick. "Na wewe Petro, anasema utafute viatu. Kandambili ni za bafuni."

Watu walicheka. Petro naye alicheka, akaangalia miguu ya wenzake. Karibu wote walivaa kandambili. Mikanda ya usalama ilikuwemo stoo, bado imo ndani ya nailoni zake. Wakaguzi walipokuja ilitolewa, ikavaliwa, ikapigwa picha, halafu ikakunjwa tena na kurudishwa.

Jengo lilikuwa la ofisi, upande wa Nkuhungu, nalo lilikuwa limefika ghorofa ya tano. Jukwaa walilosimama mafundi lilikuwa la mirunda iliyopigiliwa misumari ambayo ilishang'olewa kwenye jengo jingine na kunyooshwa.

Baada ya kikao Naima alikwenda kwa mhandisi Anyitike, mkuu wa pale, kama alivyofanya kila Jumatatu.

"Shikamoo, mhandisi. Naomba ile mikanda. Upepo umeanza na leo wanapanda juu."

Anyitike alikuwa mtu mpole. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. "Marahaba, mdogo wangu. Sasa ikichakaa, wakaguzi tutawaonyesha nini? Ajali haina kinga. Tumwombe Mungu tu."

Hakuwa amemaliza chai yake wakati upepo wa Agosti, ule unaookota vumbi la Dodoma nzima, ulipomsukuma Kefa kutoka ghorofa ya tano. Kefa alikuwa fundi mwashi kutoka Mpwapwa, mtu mzima, baba wa binti mmoja aitwaye Hilda. Alianguka bila kupiga kelele, akapita ghorofa ya nne, na alipofika usawa wa ghorofa ya tatu akasimama hewani.

Walimtazama, naye akawatazama.

"Mbukwenyi," alisema, kwa kuwa asubuhi hiyo alichelewa na hakuwa amewasalimia. Wagogo wenzake wakamwitikia.

Walimrushia kamba wakamvuta. Hakuja juu wala pembeni. Anyitike alitoka ofisini na kikombe chake mkononi.

"Amegusa chini?"

"Hajagusa," alisema Naima.

"Basi hajaanguka. Anaanguka. Hivyo ni vitu viwili."

Getini palikuwa na ubao mkubwa ulioandikwa SIKU BILA AJALI. Jioni ile mlinzi, Hamza, aliongeza siku moja kama kawaida.

Kazi iliendelea. Pale alipokuwa Kefa palifaa kwa kupitisha zege: wa chini alimpa karai, yeye akampa wa juu. Anyitike alisema afadhali huyo kuliko winchi. Mke wa Kefa, Mama Hilda, alikuja na basi kutoka Mpwapwa akiwa na ugali wa uwele na mlenda, akapanda hadi ghorofa ya tatu, akaweka bakuli juu ya koleo na kumsogezea kupitia dirishani.

Anyitike alimfuata hapo kumfariji. "Pole sana, mama," alisema. "Ndiyo hivyo, ajali haina kinga."

Kefa akashuka kiasi cha dhiraa moja, akasimama tena. Mlenda ulimwagika.

"Bosi, unamshusha mwenzetu!" Mudrick alisema.

"Mimi? Hiyo ni methali tu."

Kikao kilichofuata Naima aliwaomba watu waache kuitamka methali ile. Aliomba kwa sauti yake mwenyewe, na siku hiyo Mudrick hakuwa na la kurudia, maana wote walisikia. Wakaacha. Aliyejisahau akatamka neno la kwanza alizibwa mdomo na jirani yake. Restuta, mama ntilie wa getini, alisema atakayeitamka akale kwa mkewe.

Lakini Anyitike hakuwa mtu wa kuhudhuria kikao. Naima alimweleza ofisini, naye alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. Halafu kila Jumatatu alipoombwa mikanda alijibu kwa upole uleule, kwa methali ileile, na nje ukasikika mvumo mfupi wa hewa, kama shuka linapokung'utwa. Kefa akafika usawa wa ghorofa ya pili. Akafika ya kwanza. Akafika usawa wa magoti.

"Nijibu hapana, mhandisi," Naima alimwomba. "Hapana inanitosha."

"Hapana ni neno kali," alisema Anyitike. "Mimi siwezi kumjibu mtoto wa watu hivyo."

Kwa hiyo Naima aliacha kuomba. Makao makuu ya kampuni yalifurahi kuona kwamba eneo lile halina tena malalamiko ya usalama, yakamtumia Naima kikombe chenye nembo.

Jengo likaisha. Wakati huo Kefa alikuwa bado usawa wa magoti juu ya njia mpya ya matofali. Siku ya kupaka rangi ya mwisho, kandambili yake ilimtoka mguuni. Ilianguka umbali ule wa magoti tu, ikapasua tofali vipande viwili na kuzama ardhini. Naima alichuchumaa akaingiza mkono kwenye shimo. Palikuwa pa moto. Akajua kwamba ghorofa zote tano bado zimo ndani ya Kefa, zinasubiri aguse chini. Anyitike aliagiza tofali libadilishwe kabla ya makabidhiano.

Kampuni ikahamia barabara ya Buigiri. Ilihamisha mirunda, misumari, mikanda na nailoni zake, na ubao wa getini. Kabla ya kuondoka Naima alikwenda kumuaga Kefa. Alimkuta Mama Hilda ameketi chini, ameushika mguu mtupu wa mumewe. Mama huyo alikuwa amechimba shimo chini ya mumewe ili chini pawe mbali, na mlinzi wa wenye jengo akalifukia na kurudishia matofali.

"Sefti," alisema Kefa, "huko mnakokwenda, Petro anapanda?"

"Anapanda."

"Na mkanda?"

"Umo kwenye nailoni."

"Kaombe."

"Nikiomba atasema, Baba Hilda."

"Huenda asiseme." Kefa alimwangalia mkewe, kisha akamrudia Naima. "Mimi nilishaanguka, mwanangu. Petro bado."

 Mama Hilda aliufuta mguu vumbi kwa ncha ya kanga.

Upepo ulianza tena Jumatatu. Petro alikuwa juu ya mrunda, kwa kandambili, akiimba. Naima aliingia ofisini.

"Shikamoo, mhandisi."

"Marahaba, mdogo wangu! Umepotea sana humu kwangu."

"Naomba mikanda. Na naomba usinijibu kwa methali."

Anyitike aliweka kikombe mezani. Yalikuwepo majibu mengi. Funguo za stoo zilikuwa mbele yake. Alifikiri kweli, kwa kuwa alikuwa mpole, akitafuta neno lisilomuumiza mtu.

"Mdogo wangu," alisema hatimaye, "mimi na wewe tutafanyaje? Ajali haina kinga."

Simu ya Naima iliita. Alikuwa Mama Hilda.

"Amefika," alisema, kama anayepokea mgeni kutoka safari. Nyuma yake watu walikuwa wakiuliza ni nani aliyevunja matofali.

Anyitike alihuzunika. Alivua kofia, akasema Kefa alikuwa mchapakazi. Halafu alieleza kwamba jengo lilishakabidhiwa, kwa hiyo jambo hilo halikutokea kwenye kazi ya kampuni. Wenye jengo walieleza kwamba Kefa hakuwa mtumishi wao, na kwamba kwa vyovyote alianguka mwaka jana. Mama Hilda aliwasikiliza wote wawili, kisha akaenda kutafuta gari la kumrudisha mumewe Mpwapwa.

Jioni Hamza aliongeza siku moja kwenye ubao. Petro alikuwa bado juu, anamalizia mstari wa mwisho wa matofali. Alimwona Naima chini, akainama kumwangalia.

"Sefti! Wamesemaje?"

Naima alimwambia ashuke. Upepo ulikuwa mkali, na Mudrick alikuwa ameshatoka.

"Sikusikii!" alisema Petro, akainama zaidi.