Gitaa Langu Lilipopandishwa

Kila mji niliokaa, na nimekaa mingi kwa sababu kukaa sikujui, watu walinifahamu kwa lalamiko moja: kwamba ujanani nilipiga gitaa la solo kwenye santuri ya jazi iliyochanganywa na roki, isiyoimbwa hata neno moja, na kwamba waliorekodi waliizamisha sauti yangu. Nilitembea na redio ya kanda kwapani. "Sikilizeni hapa," nilikuwa nawaambia kwa kinyozi, gereji, popote penye watu wasioweza kuondoka upesi. "Hapo nyuma ya kinanda, hicho kitu kama nyuki ndani ya chupa, ndio mimi. Wangenipandisha kidogo tu, mngenikoma." Watu wana adabu. Walimsikiliza nyuki, wakanipa pole, wakaendelea kunyolewa.

Dramu alipiga shemeji yangu, mume wa dada. Alikuwa mpole kama maji ya mtungini mpaka umpe vijiti. Hapo alikuwa mtu mwingine. Akifurahi anakimbia, na sote tunamfuata tukihema. Sasa ametangulia, na wenzetu wengine nao. Mlio wake haukubaki popote isipokuwa kwenye santuri ile, na nakala ya dada ilipindwa na jua dirishani, ikawa kama sahani ya kuegeshea sufuria.

Basi akatokea fundi wa sauti mwenye studio juu ya duka la magodoro. Aliipata kanda mama, ile tuliyorekodia, akataka kuitoa santuri upya. Kwa kuwa aliyebaki hai ni mimi, akaja kuniomba ruhusa.

"Kuna chochote ungependa nibadilishe, mzee wangu?"

Kuniuliza mimi swali hilo ni kumkabidhi fisi bucha.

"Nipandishe," nikasema.

"Kiasi gani?"

"Mpaka waliokufa wanisikie."

Akacheka, halafu akakuna kichwa. Enzi zetu maikrofoni zilikuwa chache, kwa hiyo mimi na shemeji tuliwekwa kwenye njia moja ya kanda, kama watoto wa kitanda kimoja: ukimvuta huyu, yule anakuja na shuka. Fundi akasema kompyuta yake inaweza kumchuja shemeji akatoka, kisha aweke dramu za mashine mahali pake. "Zinakwenda sawasawa kabisa, hazikimbii."

"Hapo umenena," nikamwambia. "Yule bwana alikuwa anakimbia mno."

Nilisema hivyo nikiwa na akili timamu, na nimekunywa chai tu.

Dada aliposikia santuri inarudi, alifua mapazia. Hakuniuliza habari za kinanda wala za kasha la santuri. Aliuliza moja tu: "Mume wangu atasikika?"

"Dada, kazi imesafishwa. Kila kitu kinang'aa."

Jibu hilo lilimtosha yeye. Mimi nilikwenda kununua kofia, maana kwenye kasha jipya palihitajika picha yangu.

Jumamosi mchana fundi alikuja kwa dada na nakala ya kwanza, na spika zake mwenyewe mbili. Dada akaketi mbele, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri mgeni ateremke garini. Mimi nikasimama kando ya spika ili nionekane na kusikika kwa pamoja.

Muziki ukaanza. Tok, tok, tok, mashine ikapiga kama fundi seremala asiye na haraka. Kisha nikaingia mimi, mkubwa kuliko nyumba.

Nilikuwa nimeingojea sauti hiyo miaka yote, na kwa muda mfupi nilifurahi. Halafu nikaanza kuisikiliza. Mashine ilikuwa imesimama mahali pake, mimi nikawa napita pembeni yake nikigonga fanicha. Hapa nimewahi, pale nimechelewa, na katikati ya solo, ile sehemu niliyoisifia miji yote, nilikuwa nimepotea kabisa, natafuta njia ya kutokea. Zamani sikupotea. Au nilipotea, ila kila nilipoangukia, shemeji alikuwa ameshahamisha ngoma akaniwekea hapo. Nikiwahi anakimbia. Ndiyo mbio zake zile. Alikuwa ananifukuzia mimi, kama mzazi anayemkimbilia mtoto karibu na barabara.

"Nani huyu anayegonga?" dada akauliza.

"Ni gitaa, dada. Ni mimi."

"Sijakuuliza wewe. Wewe hata jirani anakusikia, maskini. Nauliza wa ngoma."

Nikamtazama fundi. Fundi akatazama mazulia.

"Ni mashine, mama," akasema.

"Na mume wangu yuko wapi?"

Gitaa langu ndilo lililoendelea kuongea, halikuwa na habari. Fundi akazima.

"Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake," dada akasema polepole. "Wewe mdogo wangu ngozi haikukutosha, ukamtoa na mpigaji."

Nikaanza kueleza habari za maikrofoni na njia za kanda. Alininyamazisha kwa kiganja, jinsi anavyomnyamazisha kuku.

"Naweza kurudisha kama ilivyokuwa," fundi akasema. "Niondoe mikwaruzo tu. Lakini mzee, gitaa litarudi kulekule chini."

"Hakuna katikati? Nusu mimi, nusu yeye?"

"Hakuna. Njia ni moja: ama nimtoe, ama mbaki wote kama mlivyokuwa."

"Na kasha limeshachapwa?"

"Limeshachapwa. Na kofia imetoka vizuri."

Nikaomba anipigie tena ile solo, mara ya mwisho, labda sikuisikia sawasawa. Akaipiga. Nilikuwa nimeisikia sawasawa.

"Rudisha," nikasema.

"Una uhakika, mzee?"

"Ameshasema," dada akamkata. "Usimpe nafasi ya kufikiri, huyu namjua."

Fundi alikuwa na kanda mama ndani ya kompyuta aliyokuja nayo. Akafungua, akabonyeza. Yakaanza matoazi, mepesi, kama mvua inayojaribu bati. Kisha shemeji akaingia. Dada akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa spika. Hakulia, ingawa ndivyo nilivyoogopa. Alikaa ameinamisha sikio, na mbio zilipoanza akatabasamu akiwa amefumba macho.

"Taratibu, baba," akaiambia spika. "Taratibu, utachoka bure."

Fundi akanigeukia kama anayetaka kuniuliza kama nami nalisikia gitaa langu. Nikakusanya vikombe, ingawa kimoja kilikuwa bado na chai, nikaenda jikoni kuviosha. Ngoma zilifika mpaka kule, zote. Maji yalikuwa yanapiga kelele kwenye karai, nikafunga bomba.