Dawati la Katikati

Kengele ya kipindi cha dini ilipolia, darasa la sita lilifanya lilivyozoea. Wanafunzi waliinuka wakakokota madawati, wengine upande wa madirisha kwa ustadhi, wengine upande wa mlango kwa mwalimu wa Biblia. Vyumba havikutosha, kwa hiyo vipindi vyote viwili vilifundishwa humo humo. Vumbi likatimka, mtu akakanyagwa kidole, akalalamika. Kisha ukuta ukapanda.

Ulikuwa umeanza kupanda muhula wa pili. Ulitoka sakafuni polepole, wa matofali, umeshapigwa plasta, ukafika darini, na kipindi kikiisha ulizama. Mwalimu mkuu aliufurahia kupita kiasi. Miaka nenda rudi alikuwa ameomba ukuta, na huu ulikuja wenyewe bila fundi wala saruji. Alichoagiza tu ni kwamba wanafunzi wafagie mchanga unaobaki.

Tatizo lilikuwa Chiriku, binti aliyepachikwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alisali kanisani, baba yake msikitini, na walipooana walikubaliana kwamba mtoto atachagua mwenyewe akikua. Tangu darasa la kwanza dawati lake lilikaa katikati na hakuna aliyejali. Ukuta ulipokuja ulipita hapo hapo, naye akawa ndani yake.

Mara ya kwanza alipotoka, rafiki yake alimpangusa chokaa usoni kwa kiwiko cha sweta.

"Humo kuna joto?"

"Kiasi. Ila nasikia pande zote. Leo wote wawili wamefundisha kuwatii wazazi."

"Una bahati wewe. Utajibu mitihani miwili."

Lakini ukuta ulianza kumwachia kwa kuchelewa. Siku moja nywele zilitoka mwisho, siku nyingine viatu, na ilipofika katikati ya muhula vidole vya mkono wa kuandikia vilibaki vigumu mpaka kipindi cha hesabu kikaisha. Nyumbani hakutulia. Alizunguka meza, akafunga mlango uliofungwa, akaosha vikombe visafi. Alikuwa anaogopa, na alisema hivyo kwa yeyote aliyemsikiliza. Ubaya wenyewe ni kwamba walimu wote wawili walikuwa watu wema. Ustadhi alitoboa tundu upande wake ili mtoto apate hewa, na mwalimu wa Biblia akatoboa lake. Wazo la kuacha kukokota madawati halikumjia mtu.

Wazazi waliitwa ofisini. Baba, fundi cherehani, alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Mama, muuguzi, alishika vidole vya binti yake akavikunja kimoja kimoja. Kidole cha shahada hakikukunjika.

"Mzazi, ukuta hauna kosa," alisema mwalimu mkuu. "Ukuta umenyooka. Aliyekaa vibaya ni mtoto. Chagueni upande, kesho asogeze dawati, yaishe."

Baba akajikohoza. "Basi aende kwa mama yake."

"Hapana, baba Chiriku. Aende kwako."

"Mama Chiriku, mimi sina neno."

"Na mimi sina neno."

Mwalimu mkuu akatazama saa. "Mnafanyiana adabu na mimi nina kikao. Kwani pale nyumbani mwenye nguvu ni nani?"

Swali hilo halikuwahi kuulizwa katika nyumba ile. Walitoka nalo ofisini, na lilifika nao mpaka barabarani.

"Ulikuwa unanihurumia mbele za watu?" mama aliuliza.

"Na wewe je?"

"Mama yangu nitamwambia nini?"

"Na wangu nimwambie nini mimi?"

Kila mmoja akaongeza mwendo. Chiriku, aliyewashika mikono wote wawili, ilibidi akimbie kidogo wasimwache. Upande mmoja alihisi joto la kiganja cha baba. Upande wa mama, kwenye mkono wa kuandikia, hakuhisi kitu.

Jioni mama alipokuwa anapakua chakula, ukuta ulianza kuchomoza kwenye mkeka, kati yake na mumewe. Baba aliondoa jagi la maji lisije likamwagika. Mama alirudi nyuma kidogo kuupisha, akaendelea kupakua. Ulikuwa ukuta mzuri, plasta laini, hauna ufa.

"Nipe chumvi kabla haujapanda," alisema baba, na mama akampa.

Chiriku alisimama na sahani yake. Aliangalia huku, akaangalia kule, miguu ikimwasha.

"Nikae wapi?"

"Popote upendapo, mwanangu," walisema wote wawili, na kila mmoja akapapasa mkeka kando yake.

Akavuta kigoda, akaketi katikati, akabana viwiko ili ukuta upite vizuri. Akaanza kula haraka haraka, maana ulikuwa umeshamfika magotini.