Jina Nililolikata

Mkono wangu mmoja ulishika rula ya plastiki iliyovunjika ncha, mwingine kalamu nyekundu. Mbele ya meza alisimama shangazi yangu. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lile la harusini na misibani, na amejipaka mafuta hadi viwiko vinang'aa. Alikuja kunitia fahari.

Mimi ndiye niliyemwita. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne tu, nikapata kibarua cha ukarani wa kuandikisha wapiga kura, na nilikiamini kibarua kile kama mtoto anavyoamini ahadi. Sheria ilikuwa mpya: kila aliyemo daftarini aje na uthibitisho wa uraia. Jioni nilipita nyumba kwa nyumba nikiwahimiza majirani, na nyumbani nikamhimiza shangazi kuliko wote.

"Wahi mapema, usije ukasukumana na watu."

Alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Akakata uzi kwa meno. "Mwanangu, nilianza kupiga kura kabla hujazaliwa. Leo wananitaka nini?"

"Karatasi tu, shangazi."

"Haya. Mwenye mtoto karani hakosi karatasi."

Sasa alikuwa mbele yangu, na karatasi pekee aliyokuwa nayo ni kadi yake ya zamani ya mpiga kura, kingo zimelainika kama kitambaa.

"Cheti cha kuzaliwa?" nikauliza kwa sauti ya kiofisi.

"Nilizaliwa nyumbani."

"Cha baba au cha mama?"

"Hao ndio kabisa!"

Fundi viatu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akachombeza, "Kumbe mama yako alikununua bila risiti!"

"Ndiyo maana hakuna wa kunirudisha dukani," shangazi akamjibu bila kugeuka, na darasa zima tulilofanyia kazi likaangua kicheko. Nami nilicheka. Kwa kicheko kile sijajisamehe hadi leo.

Ilibaki njia moja: watu wawili walioshuhudia kuzaliwa kwake waje kula kiapo. Nilimsomea kifungu hicho kwa matumaini, kidole changu kikifuata maneno.

"Wote walioniona nikizaliwa," akasema taratibu, "nimeshawazika."

Msimamizi wetu alisogea, saa yake mkononi. "Karani, aliyefika bila uthibitisho anakatwa. Kata, foleni ni ndefu."

"Ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

"Sikuuliza aliyekulea. Nauliza cheti."

Shangazi aliinama hadi nikaisikia pumzi yake. "Wewe cheti unacho, sivyo?"

"Ninacho."

"Najua. Nilikifuata mimi."

Mama yangu alifariki wiki ile ile niliyozaliwa. Shangazi alinibeba, akapanga foleni siku mbili katika ofisi ya vizazi na vifo, akanisajili. Chini ya cheti changu, kwenye mstari wa mtoa taarifa, jina lililoandikwa ni lake. Neno lake peke yake lilitosha kunifanya mimi raia. Hata ukarani ule niliupata kwa cheti hicho.

Nikaweka rula juu ya jina lake. Nikakata.

Alilitazama daftari kwa jicho la fundi cherehani. "Mstari umeunyoosha vizuri," akasema, kisha akampisha fundi viatu.

Kilichonimaliza nilikisoma wiki mbili baadaye, kwenye waraka uliobandikwa ukutani. Wapiga kura wa zamani ambao hawakuwa wamefika wangebaki daftarini hadi uhakiki mwingine, baada ya uchaguzi. Laiti angebaki na cherehani yake siku ile, angepiga kura. Tulikata rufaa. Jibu lilirudi likitaka cheti kile kile.

Nilimweleza yote huku nalia. Akanisogezea kikombe cha chai. "Ulitaka kunisaidia. Nia njema haina kesi, mwanangu." Lakini wiki nzima hakuimba akishona.

Siku ya uchaguzi alinitoa kitandani mwenyewe. Nikasema siendi, nitabaki naye.

"Ukibaki, ndiyo tutakuwa tumekatwa wawili. Vaa viatu."

Niliporudi kutoka kupiga kura nilimkuta jikoni anakanda unga. Jirani akachungulia dirishani, amevaa nadhifu, kadi mkononi. "Mama, wewe ambaye huwa wa kwanza! Bado upo? Twende basi, tupige soga kwenye foleni."

Nilifungua mdomo niseme ukweli, niseme ni mimi niliyemkata. Shangazi aliniwahi. Mwanamke huyu aliwahi kunichapa kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari. Sasa alizamisha vidole vyake vyote kwenye unga, hadi kwenye vifundo vya mikono.

"Nimeshakwenda," akasema. "Tulitoka alfajiri, mimi na karani wangu."

Jirani akakitazama kidole changu chenye wino, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda zake.

Unga ulikuwa umeshalainika. Shangazi aliendelea kukanda.