Fungu Kizimkazi

Swali la mwisho ndilo lililozua kicheko.

Ilikuwa mwaka 1994. Bwana Kondo, tajiri wa malori ya miwa wa Kidodi, alikuwa amefungua sekondari binafsi mjini Kilosa, maana siku hizo ruhusa ilishatoka na kila mwenye uwezo alijaribu. Ili shule yake ijulikane, akaandaa chemsha bongo ya darasa la saba. Mshindi angesoma bure miaka minne. Nafasi ilikuwa moja.

Mwalimu Raheli, mwaka mmoja tu tangu atoke chuoni, alimleta Nkoile kutoka Mikumi. Baba wa Nkoile, Mzee Kimaren, hakuwa na maneno mengi: binti akipata shule, asome, asipopata, familia inahamia Tindiga na ng'ombe, naye atakwenda nao.

Sasa walikuwa wamebaki wawili, Nkoile na Ashrafu wa Kilosa mjini, na alama zao zililingana. Mwamuzi alikuwa Mwalimu Theodory, mstaafu aliyewafundisha nusu ya walimu waliokuwa ukumbini, Raheli akiwamo.

"Kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu, kusini-mashariki ya Unguja, makazi ya ndege wa baharini. Kinaitwaje? Nkoile."

"Fungu Kizimkazi."

Mwalimu Theodory alivua miwani. "Fungu la nini, binti? La nyanya au la dagaa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mama, niongezee basi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Ashrafu?"

"Latham."

"Sahihi."

Raheli aliyajua majina yote mawili. Aliyakuta kwenye ramani maktaba ya chuo, akainakili kwa mkono. Lakini ubaoni aliandika moja. Kwa nini mtoto wa Mikumi abebeshwe jina la kigeni, wakati wanaoitazama bahari ile kila siku wana jina lao? Aliona anatenda haki. Leo haki hiyo ilikuwa inamnyang'anya mtoto shule, na walimu walikuwa wamekatazwa kufungua mdomo.

Nkoile akanyoosha mkono. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeshakosa, mwanangu."

"Fungu ni mchanga uliojikusanya baharini ukatokeza juu ya maji. Kama lile la nyanya, ni kweli. Na Kizimkazi ni kijiji cha kusini mwa Unguja. Wavuvi ndivyo wanavyokiita." Akasita. "Hilo la Latham sikufundishwa."

Vichwa vyote vikamgeukia Raheli.

"Raheli, simama," alisema Mwalimu Theodory, kana kwamba Raheli bado ni mwanafunzi wake wa darasa la tano. "Huyu kakosea?"

"Hajakosea, mwalimu. Kina majina mawili. Nilimfundisha moja."

"Lingine ulilisahau?"

"Nililiacha makusudi."

Akatoa mkobani ile ramani aliyoinakili, akampelekea. Mzee aliisogeza karibu na pua, akaisoma taratibu.

"Ulitaka kumpunguzia mzigo," alisema, "ukampunguzia posho. Kaa chini. Wote wawili wamepata."

Bwana Kondo akainuka. "Mwalimu, nafasi ni moja."

"Najua. Basi nauliza ambalo halimo kwenye karatasi yangu. Atakayekosea namkata alama. Asiyejua aseme hajui, simkati. Huyo Latham ni nani, au ni nini?"

"Mzungu!" Ashrafu aliwahi. "Mzungu aliyekigundua kisiwa!"

Nkoile alimtazama Raheli. Raheli akatazama sakafu.

"Sijui, mwalimu," alisema Nkoile.

"Raheli?"

"Ni meli. Meli ya Waingereza iliyokifikia mwaka 1758."

Mwalimu Theodory akaandika. "Ashrafu, moja imetoka."

"Kwa hiyo huyu anashinda kwa kutojua?" Bwana Kondo aliuliza.

"Anashinda kwa kutobahatisha. Wabahatishaji utawapata wengi tu, tena wa kulipa ada."

Watu wakacheka tena, safari hii bila kumcheka mtoto. Ashrafu alikuja kumpa Nkoile mkono, bado amenuna. "Meli!" alisema. "Nani angejua?"

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Raheli alishindwa kungoja.

"Nkoile, nisamehe. Nusura nikupotezee shule kwa ukaidi wangu."

"Yamekwisha, mwalimu." Binti aliipeleka mikono nyuma, kama alivyofanya kila alipokuwa na swali. "Ila nakuuliza. Yapo mengine uliyoyaacha?"

Raheli alifikiri. Alitamani kusema hapana.

"Yapo."

"Mengi?"

"Kiasi."

Nkoile akaketi chini, akafungua daftari juu ya magoti. Basi la Mikumi lilikuwa bado saa nzima.

"Anza," alisema.