Upepo Ndani ya Friji

Kwa heshima zote anazostahili Mtakatifu Ilija, mlinzi wa ukoo wetu na bwana wa radi, lazima niseme kwamba wiki ile hakutusaidia hata kidogo. Sikukuu yake ilikuwa imebaki siku moja, joto la mji wetu wa Čačak lilikuwa nyuzi thelathini na nane, na friji ya bibi yangu Stamenka ilikuwa inachemsha maziwa.

Nazidisha kidogo. Juu, kwenye friza, nyama ilikuwa ngumu kama jiwe la kaburi. Chini, kwenye maziwa, mayai na saladi ya mayonezi, kulikuwa na uvuguvugu wa bweni letu baada ya mechi.

Sasa, kwenye sikukuu ya ukoo hakuna anayealikwa. Mtu anakuja tu, anakula, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumuuliza ataondoka lini. Tulitarajia watu arobaini. Na mke wa baba mkubwa Radoje, mama mkubwa Ljubinka, tangu babu afariki alitamani sikukuu ihamie kwake, ghorofa ya sita, penye kiyoyozi. Asubuhi ile alikuja, akanusa chupa ya maziwa, akafumba macho kama anayesali.

"Mama, nasema kwa upendo tu. Umri umekwenda."

"Wa maziwa au wangu?" bibi akauliza huku akikata vitunguu.

"Radoje amesema friji isipopoa kufikia saa nane mchana, wageni watakuja kwetu. Na mwakani pia."

Kisu cha bibi kikasimama. Sikukuu ile imefanyika katika jiko lile miaka hamsini na miwili. Nadhani angetoa figo kabla ya kuitoa.

"Na wewe, Ognjen," mama mkubwa akanigeukia, "mkono wako umo humu?"

Swali lilikuwa na msingi. Mwezi wa tano nilifukuzwa bwenini siku tatu kwa kugandisha filimbi ya mwalimu wa zamu ndani ya ndoo ya maji. Lakini nasoma ufundi wa majokofu. Nilihesabu yale kuwa mazoezi ya vitendo.

"Safari hii mimi ni malaika, mama mkubwa."

"Basi, malaika, iponye." Akaenda zake kutafuta mshumaa wa sikukuu.

Siku nne kabla, fundi Tihomir alikuwa amekuja. Alikunywa glasi tatu za rakija, pombe yetu kali ya matunda, akaweka sikio ubavuni mwa friji, akatangaza kwamba hita ya kuyeyushia barafu imekufa, koili inayotengeneza baridi imefunikwa na barafu, hewa haipiti. Tuizime usiku kucha iyeyuke. Tukaizima. Hakuna kilichobadilika. Alipoambiwa, alikunywa ya nne akasema basi ni gesi.

Nikaanza upya. Niliweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati: nyuzi kumi na sita. Nikabana kipande cha gazeti kwenye mpira wa mlango, ukakishika vizuri. Nikatoa nyama yote, nikafungua kifuniko cha nyuma cha friza. Hita ingekuwa imekufa, koili ingezikwa kwenye barafu. Lakini ilikuwa na jalidi nyepesi tu, kama sukari iliyonyunyizwa juu ya keki. Kwa hiyo hita ilikuwa inafanya kazi. Nikabonyeza swichi ya mlango, ili friji idhani imefungwa, feni ikazunguka.

Baridi ilikuwa inatengenezwa, inapulizwa, kisha inapotelea njiani.

Nikahamishia mitungi ya pilipili mezani, nikapapasa nyuma kabisa, kwenye tundu linaloshusha hewa kutoka friza. Lilikuwa limeshindiliwa soksi ya sufi.

"Bibi."

"Mmh."

"Soksi hii ya nani?"

"Ya marehemu babu yako. Usiivute hivyo, utaifumua."

"Imefikaje humu?"

Bibi akatazama mlango, akashusha sauti. "Kuna promaja humo ndani."

Kwetu neno hilo halitamkwi kwa utani. Ni ule upepo unaopenya kati ya tundu na tundu, unaoua figo, unaopindisha mdomo na kuwanyima wanawake watoto. Kwa bibi, madirisha mawili hayajawahi kufunguliwa kwa pamoja tangu aolewe, hata katika joto kama lile.

"Friji ya zamani ilitulia na baridi yake," akasema. "Hii aliyoninunulia Ljubinka inanipulizia shingoni kila nikiinama. Wiki mbili shingo haigeuki! Nikaziba."

"Bibi, huo upepo ndio baridi yenyewe."

"Baridi haina haja ya kupuliza. Januari inapuliza?"

"Inapuliza, bibi."

"Ndiyo maana watu wanakufa."

Nikaitoa soksi, nikarudisha kifuniko na nyama, nikashusha vipande viwili vya nyama iliyoganda vije kusaidia. Bibi akahamia ukumbini kuukwepa upepo. Saa sita kipimajoto kilisoma kumi na moja. Saa nane kasorobo, saba.

Mama mkubwa alirudi, akainua glasi, akaikodolea macho.

"Saba," akasema, kama aliyefiwa. "Ilikuwa nini?"

Soksi ilikuwa mezani. Bibi alikuwa amerudi, anakata vitunguu, ingawa vitunguu vilikwisha zamani. Nikaelewa kwamba nikisema kweli, friji itakuwa imepona lakini umri utakuwa umekwenda, na sikukuu itapanda ghorofa ya sita.

"Ni mimi, mama mkubwa. Niliziba njia ya hewa. Nilitaka kuona maziwa yatachukua siku ngapi kuwa jibini."

"Nilijua!" Uso wake uling'aa. "Nilimwambia Radoje!"

Nilitegemea bibi angalau atanyamaza. Badala yake alivua kandambili.

"Shetani wewe! Na soksi ya marehemu!"

Pigo la kwanza lilikuwa maigizo. La pili pia. La tatu lilitoka moyoni, na nina hakika lilikuwa kwa ajili ya kufungulia ule upepo. Mama mkubwa akanihukumu kuosha vyombo vya watu wote arobaini.

"Na sikukuu?" bibi akauliza akihema, kandambili bado iko juu.

Mama mkubwa alitazama kipimajoto, akatazama kandambili.

"Ni hapa, mama. Itakuwa wapi tena?"

Alipoondoka, sikushukuriwa. Bibi alijizungushia skafu ya sufi shingoni mara mbili, akavuta pumzi kama anayetaka kupiga mbizi, akafungua friji kuchukua jibini.

"Usinisimamie tu," akaniambia, kichwa kikiwa ndani. "Funga dirisha."