Alfajiri Arobaini na Mbili

Asubuhi ya Jumatatu mchungaji alichuchumaa mbele ya jiko la mkaa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake kulikuwa na kurasa nne alizoziandika mwenyewe, na alitaka ziwe majivu kabla mtu mwingine hajazisoma.

"Unachoma nini asubuhi yote hii, baba watoto?" mkewe aliuliza huku akimenya vitunguu. "Barua za wachumba wako wa zamani?"

"Makaratasi tu ya chuo."

"Wewe? Wewe ambaye hata risiti ya soksi huitupi?"

Alicheka kidogo ili yaishe, akazitoa kurasa kwenye bahasha zishike moto vizuri, na macho yakaangukia mstari wa kwanza. Hizi sizo. Hizi ni zile nzuri.

Mambo yalikuwa hivi. Chuo cha theolojia alichokuwa akisoma kwa njia ya posta kilitaka kila mwanafunzi aandike kurasa nne kuhusu masomo yake, huduma yake na ukuaji wake wa kiroho. Kisha mzee mmoja wa kanisa lake azisome, ajaze fomu, atie sahihi kwamba aliyoyasoma ni kweli. Fomu ilitakiwa ofisini kwa askofu Ijumaa. Bila fomu hakuna cheti, na askofu alikuwa ameshasema bila kuzungukazunguka: asiye na cheti mwaka huu, aachie kanisa na nyumba ya kanisa.

Mchungaji aliandika mara mbili. Mara ya kwanza kalamu ilimponyoka, akaandika ukweli mtupu. Aliposoma alichoandika alishikwa na hofu, akachukua karatasi nyingine na kuandika mambo ya kupendeza, yenye aya za Biblia kila mahali panapostahili. Akaziweka katika bahasha mbili zinazofanana kama mapacha, moja ya kupeleka, moja ya kuchoma. Kwa akili zake zote za kusoma, hakukumbuka kuweka alama juu.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu: kwa miaka minne hajaomba akiwa peke yake. Mimbarani anaomba mpaka akina mama wanatoa leso, lakini akishafunga mlango wa chumba chake anafungua kitabu, kwa sababu kitabu angalau kinasema kitu. Na kwenye ukurasa wa tatu aliandika habari za mgonjwa mmoja, mke wa fundi cherehani, ambaye yeye mchungaji alimwahidi kumwombea kila alfajiri hadi mwisho. Hakumwombea hata alfajiri moja. Alfajiri zile alikuwa akikariri Kigiriki cha mtihani. Mama wa watu akafa, na mchungaji akamzika kwa mahubiri yaliyosifiwa wiki nzima.

Na mzee wa kanisa aliyepelekewa bahasha Jumamosi jioni alikuwa fundi cherehani huyo huyo.

"Umeona nini? Uso umekushuka," mkewe alisema.

"Natoka kidogo."

"Bila chai?"

Alishafika nje. Kurasa nzuri alikuwa amezitumbukiza mfuko wa ndani wa koti. Alitembea upesi, kisha pole pole, kisha upesi tena, kama mtu aliyebanwa na haja na hajui choo kiko wapi. Muuza magazeti alimsalimia, akaitikia asichokijua. Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi! Mtu anaweza kusoma kurasa nne mara mia. Na jana ibadani fundi alikaa benchi la mbele kama kawaida, ameinamisha kichwa, na walipoagana mlangoni alimpa mkono bila neno. Jana mchungaji alidhani ni uchovu. Leo mkono ule ulikuwa na maana nyingine kabisa.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao mbili. Majoho ya kwaya yalining'inia ukutani, na sakafu ilifunikwa na vipande vya vitambaa. Fundi alikuwa kwenye cherehani, miguu ikikanyaga, uso karibu ugusane na sindano. Mama mmoja mnene alisimama juu yake akilalamika.

"Fundi, bega hili limekaa kama la askari. Mimi naenda harusini, siendi vitani."

"Nitalipunguza, mama yangu. Niachie."

"Uliniambia hivyo hivyo kabla hujalishona."

Mchungaji alisimama mlangoni. Bahasha aliiona palepale, juu ya meza ya kukatia, kando ya pasi. Ilikuwa imefunguliwa.

Mama yule alimsalimia kwa heshima zote, akamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za kanisa, naye akajibu nzuri, nzuri, nzuri, macho yakiwa kwenye bahasha. Fundi hakuinua kichwa. Hata karibu hakusema. Mama alipochukua mkoba wake na kuondoka, mchungaji nusura amshike mkono abaki.

"Kaa," fundi alisema.

Mchungaji alikaa kwenye kigoda.

"Nimefungua makaratasi yako."

"Ndiyo, mzee."

"Nikayatazama Jumamosi. Nikayatazama na jana baada ya ibada." Fundi aliacha kukanyaga. "Mchungaji, nitasemaje. Naona haya."

"Mzee wangu, niruhusu nieleze..."

"Miwani imevunjika. Kioo kimoja chali. Naona maandishi yanatembea kama siafu. Nashona kwa mazoea tu, ndiyo maana huyu mama amepata bega la askari. Sasa jana nikashindwa kukwambia mbele za watu, mzee wa kanisa hasomi. Nisomee mwenyewe, nitie sahihi."

Mchungaji alitamani kucheka, alitamani kulia, alitamani kumkumbatia yule mzee na cherehani yake. Amepona! Alijikaza, akanyoosha mkono, akaivuta bahasha hadi mapajani. Kisha akatoa zile za mfukoni.

"Nimeleta nakala safi," alisema, na sauti yake ilitoka laini kabisa, ile ya Jumapili.

Akaanza kusoma. Fundi alifumba macho, mikono juu ya kitambaa. Mchungaji alisoma jinsi masomo yalivyomfungua, jinsi huduma ilivyomnyenyekeza, akafika mahali palipoandikwa kwamba nguvu yake yote hutoka katika maombi ya alfajiri.

"Hapo ni kweli tupu," fundi alisema. "Hapo nitasaini mara mbili. Sijawahi kukusimulia. Mke wangu, ulipomwahidi, akaniambia, kila alfajiri uniamshe. Nikamwambia, mama, usingizi ndio dawa yako. Akakataa. Anasema, saa hizi mchungaji yuko magotini kwa ajili yangu, mimi nilale? Basi namwinua, nampa mito mgongoni. Akiinuliwa maumivu yanamzidi mpaka anauma shuka. Lakini anakaa. Anakaa nusu saa hivi anaitikia amina, amina, kwa maombi yako huko uliko. Kisha namlaza."

Mchungaji alitazama karatasi. Maneno yalikuwepo, meusi, yaliyonyooka. Ulimi ulikataa kwenda.

"Endelea," fundi alisema.

Angeweza kuendelea. Ilibaki mistari kumi na sita, kisha sahihi, kisha nyumba, kisha cheti. Aliogopa vibaya sana. Aliogopa kuliko alivyoogopa jikoni. Lakini alimwona yule mama akiuma shuka. Akazikunja kurasa nzuri na kuzitoa zile za kwenye bahasha.

"Mzee, hizo sizo. Ulizopewa ni hizi." Akasoma.

Alisoma kwa sauti kavu isiyopendeza. Alisoma ukurasa wa kwanza na wa pili. Fundi alifumbua macho. Kwenye ukurasa wa tatu mchungaji alisoma harakaharaka, kama mtu anayekimbia mvua, habari za mgonjwa, ahadi na Kigiriki.

"Rudia hapo," fundi alisema.

"Mzee..."

"Rudia."

Akarudia. "Sikumwombea hata alfajiri moja."

Nje mtu alikuwa akijaribu honi ya pikipiki, anaipiga, anaiacha, anaipiga. Fundi alisimama. Mchungaji aliona mkasi mkubwa wa kukatia karibu na mkono wake, na kwa aibu ya milele aliogopa mkasi.

"Zilikuwa arobaini na mbili," fundi alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwinua. Arobaini na mbili." Alipitisha kiganja usoni. "Piga magoti."

"Hapa?"

"Hapa. Zisali zile ulizosema utazisali."

Mchungaji alijua la kujibu. Aliwahi kuandika kurasa sita, zikapata alama za juu, kueleza kwa nini waliokufa hawaombewi. Zote zilimjia kichwani zikiwa zimepangika vizuri, naye akaziacha zipite.

"Na fomu?" aliuliza, akajichukia hapohapo.

"Nitasaini ya arobaini na mbili ikiisha. Uje kila alfajiri. Leo utaanza hivyo hivyo ulivyochelewa."

Ijumaa ilikuwa siku nne mbele. Mchungaji alihesabu, akaelewa kwamba nyumba imekwenda, na kazi imekwenda, na atatakiwa kumwambia mkewe leo leo. Alipiga magoti kwenye vipande vya vitambaa. Pini moja ilimchoma gotini, hakuthubutu kuitoa. Fundi alivuta kiti, akakaa mbele yake wima, mgongo haujaegemea popote.

"Omba. Mimi nitaitikia nikikuamini."

Yale maneno mazuri yalikuja yenyewe, kwa mpangilio, kama yanavyokuja kila Jumapili. Ee Mungu wa rehema, uliye tabibu wa matabibu. Mchungaji alisikia sauti yake ikipanda na kushuka inapotakiwa, akaisikia mpaka mwisho, na pale penye amina palikuwa kimya. Akaisema amina yeye peke yake.

Fundi alikuwa akimtazama, macho makavu.

"Hiyo haihesabiki," alisema. "Anza tena."