Kopo la Chai ya Asubuhi

Katika familia yetu, maji ya chai ya asubuhi kambini huchotwa na mdogo kuliko wote. Baba ndiye aliyeanzisha mtindo huo, na kopo lenyewe alituachia yeye: la bati, lina mpini wa waya, jeusi tii kwa moshi. Zamani mchotaji alikuwa Ross, kitinda mimba wetu. Sasa ni bintiye Bonnie, mwenye miaka saba, na humnyang'anyi kopo hilo hata kwa peremende.

Kila kiangazi tunapakia gari, tunafunga trela, tunashika barabara ya mikunjo inayotikisa hadi meno, mpaka kwenye dimbwi letu mwisho wa korongo. Huko simu inabaki kuwa saa tu. Chini ya magenge mekundu kuna jiwe bapa lililolala nusu majini. Hapo tumeoga, tumeosha vyombo na kuparua samaki tangu nilipokuwa msichana.

Mwaka huu mahali pale sikupapenda. Masika yalikuwa makubwa, na matawi makavu yaliyoletwa na mafuriko yalikuwa bado yamenasa juu ya miti, juu kabisa ya vichwa vyetu. Lakini kilichonikosesha raha ni ukingo mtupu. Miaka yote wale mamba wadogo wenye pua nyembamba hulala pale wakiota jua, hawana habari na mtu, na ukiwakaribia hutumbukia majini kwa aibu. Safari hii hapakuwa na hata mmoja.

"Ross," nikamwita, "wale wadogo wako wapi?"

"Wamehama. Wamesikia unakuja."

"Nakuuliza kweli."

"Dada Noreen, miaka yote unalalamika wanakutisha. Leo wametuachia maji, bado unalalamika! Wewe ukiingizwa peponi utauliza mbona hakuna nzi."

Wifi yangu Leanne alicheka huku akigeuza soseji motoni. "Mwache wifi yangu. Asipoogopa kidogo chakula hakishuki."

Sikucheka. Mdogo hahami kwake kwa kupenda. Huhama mkubwa anapoingia. Na yule mamba mkubwa wa maji ya chumvi, mla watu, hupanda na mafuriko, kisha mto ukipungua hubaki hukohuko, amelala chini, na humwoni hata akiwa karibu yako. Nikawaambia hivyo.

"Hawezi kupanda yale maporomoko ya kule chini mtoni," Ross akasema.

Nikamwonyesha matawi yaliyonasa juu ya miti. "Maji yalipokuwa kule, hayo maporomoko yalikuwa wapi?"

"Umeanza tena." Akaenda kufungua sanduku la barafu kutafuta bia.

Nilikasirika, tena sana. Mazoea yana taabu, na mtu aliyezoea jiwe tangu utotoni humwambii kitu juu ya jiwe hilo. Kila asubuhi Bonnie alishuka palepale, jua likigusa genge, akiimba wimbo uleule. Nami kila asubuhi nilisimama nyuma yake na koleo la kambini mkononi, nao wakanicheka. Siku ya kwanza mbwa wetu Tofi alirukia maji kama kawaida yake. Baadaye akawa anaishia mchangani, masikio nyuma, na kiu ikimshika anakunywa maji ya vyombo ndooni. Ross akamwita mwoga. Mimi nilianza kumwamini mbwa kuliko ndugu yangu.

Asubuhi moja nilimtangulia mtoto. Nililishika kopo mimi.

"Ni zamu yangu, Shangazi!" Bonnie akalia.

"Leo hachoti mtu. Tuna maji ya tangi kwenye gari."

"Chai ya tangi inanuka plastiki," Ross akasema akitoka hemani. "Mpe mtoto kopo lake. Unamfundisha woga."

"Simpi."

"Noreen!"

"Simpi, Ross. Nipige ukitaka."

Leanne safari hii hakucheka. Alimtazama mumewe, akayatazama maji, akamvuta Bonnie kwake. "Tuache tu leo, baba Bonnie," akasema polepole. "Chai ni chai."

Ross alinikodolea macho, kisha akacheka, kile kicheko chake cha kumaliza ugomvi. Akaninyang'anya kopo. "Basi. Kitinda mimba wa baba ni mimi. Nitachota mwenyewe, roho yako itulie."

"Kachote kule juu, kwenye mawe madogo. Nakuomba, mdogo wangu."

"Jiwe letu ni lile."

Akateremka akipiga mluzi. Tofi alimfuata hatua chache, akaketi. Korongo lote lilikuwa kimya, hata ndege hawakulia, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilifungua kinywa nimwite tena. Alikuwa ameshainama.

Maji hayakutoa onyo lolote. Kulikuwa na kishindo kimoja, kama mlango wa trela ukibamizwa, kisha jiwe likabaki tupu, limelowa.

Leanne alikimbia. Nilimkamata kiunoni nikaanguka naye mchangani, akaniuma mkono, akaniita mchawi, nami sikumwachia. Kopo lilielea katikati ya dimbwi, likizunguka taratibu, mpaka likajaa na kuzama.

Jioni tulikuwa kwenye kituo cha mafuta, kule barabara kuu. Askari walikuwa wamekwenda na boti na bunduki. Mama mwenye duka alituletea chai, na ya Bonnie akaitia maziwa mengi na sukari.

Bonnie hakuigusa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanitazama mimi, si mama yake.

"Shangazi, haya maji kachota nani?"

"Ya bomba, mwanangu," nikasema. "Ni ya bomba tu."

Akakisukuma kikombe katikati ya meza, na chai ikapoa pale.